Miaka Thelathini na Moja, Mingi Akiutazama Ukuta

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, msomaji mkuu wa mitihani wa Chumba Namba Tisa atakabidhi ufunguo na kustaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku sita. Hesabu hiyo si yangu. Ameipiga mwenyewe, akaihakiki, kisha akaniletea kwenye kipande cha karatasi ili nisije nikamzidishia hata siku moja.

Sisi tulitaka kumzidishia. Tuliiandikia ofisi ya utumishi tukiomba aongezewe robo ya muda wake, kama anavyoongezewa mtahiniwa yeyote wa Chumba Namba Tisa. Kwa hesabu ya haraka angebaki nasi karibu miaka minane. Ofisi ya utumishi ilijibu kwa sentensi moja kwamba kanuni hiyo inahusu mitihani tu. Tulipomwonyesha barua alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema angalau kuna ofisi moja hapa inayosoma kanuni mpaka mwisho.

Kwa wageni wa hafla hii ambao hawajawahi kufika ghorofa ya chini ya jengo la mitihani, Chumba Namba Tisa ndipo wanapofanyia mitihani wanafunzi wenye kila kitu kichwani ila njia ya kukitoa imebana. Wapo ambao herufi zinawachezea wakisoma. Wapo ambao mkono haufuati kasi ya mawazo, na wapo wasioweza kukaa saa tatu mfululizo bila kusimama wakajinyoosha. Wanapewa robo saa ya ziada kwa kila saa, maandishi makubwa, mapumziko mafupi, na anayehitaji husomewa maswali. Majibu wanatoa wenyewe. Hilo la mwisho mstaafu wetu hutaka lisemwe kila mahali, hata kwenye harusi za watu.

Wanafunzi wanamwita Bi Ukuta. Jina hilo linawatisha wanaolisikia kwa mara ya kwanza, wakadhani ni mama mkali asiyeambilika. Kisa chenyewe ni chepesi. Anaposoma maswali, hukigeuza kiti chake akautazama ukuta, mtahiniwa akabaki na kisogo chake. Alianza hivyo baada ya mwanafunzi wake wa kwanza kumshukuru, kwa nia njema kabisa, akisema kwamba nyusi zake zilimsaidia sana. Kumbe kila alipofika kwenye jibu lililompendeza, nyusi zilikuwa zinapanda. Lililompendeza yeye, karani asiyejua lolote kuhusu somo lenyewe! Kesho yake alikigeuza kiti, na hakijageuka tena mpaka leo.

Mimi ni mmoja wa waliosomewa. Kabla hatujawa wafanyakazi wenza, nilikijua kisogo chake kuliko uso wake: kilemba cha bluu, pini mbili, na penseli iliyochomekwa juu ya sikio. Nikikutana naye koridoni ilikuwa lazima anipite kwanza ndipo nimtambue nimsalimie.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa mitihani, enzi za mashine zinazolia kengele kila mwisho wa mstari. Siku za mtihani alitumwa ukumbini na karatasi za akiba kwapani, ili zikipungua azigawe. Alisimama mlangoni kwa saa tatu bila kazi, na mtu asiye na kazi huona mengi. Aliona kijana mmoja anayefuatisha mstari kwa kidole huku midomo ikicheza, na kengele ilipolia alikuwa bado ukurasa wa kwanza. Nusu saa baadaye akamkuta nje ya ukumbi, amezungukwa na wenzake, akiwafafanulia somo lote tangu mwanzo, na wao wanaandika.

Aliuliza ofisini kwake. Akaambiwa huo ni uvivu, na kwamba yeye kazi yake ni kupiga chapa. Alirudi kwenye mashine yake, akafungua mwongozo wa mitihani ambao alikuwa ameuchapa mwenyewe mara mbili, akaupekua mstari kwa mstari. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja akakuta kifungu ambacho hakuna aliyekumbuka kama kipo: mtahiniwa aliyevunjika mkono anaweza kupewa chumba cha peke yake, muda wa ziada na mtu wa kumsaidia. Akakibeba kifungu hicho mpaka kwa msajili, akauliza kama anayesaidiwa ni mkono au ni mwanafunzi. Msajili, ambaye alikuwa anataka kwenda kula, alisema ni mwanafunzi, akaweka sahihi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo linatuchekesha ofisini. Fomu ya maombi ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha sababu, na ndani yake tayari limechapwa neno "Mkono". Yeye hakutaka kudanganya, kwa hiyo chini ya kila fomu aliandika maelezo kamili kwa wino mwekundu. Lakini aliyeingiza takwimu alikuwa anasoma kisanduku tu. Mwaka wa kwanza ukaonyesha mkono mmoja, wa pili mikono tisa, wa tatu mikono ishirini na sita. Mwaka wa nne muuguzi mkuu wa zahanati alitoka ofisini kwake amekunja uso, akazunguka chuo kizima akizikagua ngazi, kutafuta ni ipi hiyo inayovunja watoto wa watu. Fomu ilibadilishwa wiki iliyofuata.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya feni mbovu. Alikifagia mwenyewe, akaomba meza nne, akapata tatu. Dirisha lake linatazamana na jiko la wanafunzi, na mtahiniwa mmoja asiyevumilia kelele alikuwa anaruka kila sufuria ikigongwa. Bi Ukuta alivuka ua akaenda kuzungumza na mpishi mkuu, mtu mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Sijui waliongea nini. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, muhula wa mitihani ukifika, jikoni masufuria huoshwa jioni, na mpishi mkuu hutembea kwa kunyata kama mwizi kwenye jiko lake mwenyewe.

Msomaji wa mitihani anatakiwa awe na sauti isiyoegemea popote. Asikaze neno, asishushe pumzi penye jibu, asionyeshe kuchoka wala kushangaa. Anaruhusiwa kurudia swali hata mara ishirini, ila haruhusiwi kulieleza. Bi Ukuta alijifunza sauti hiyo nyumbani, akimsomea mumewe, fundi seremala, maandishi ya kwenye chupa za dawa na maboksi ya misumari. Alijifunza mno. Mumewe anasema siku binti yao wa kwanza alipochumbiwa, habari ilitolewa kwa sauti ileile ya boksi la misumari, akalazimika kuomba irudiwe. Ikarudiwa, vilevile.

Wajukuu nao wana malalamiko yao. Bibi akiwasomea hadithi, simba anatokea, mtu analiwa, kijiji kinakimbia, na yeye sauti haipandi wala haishuki. Mdogo wao akiuliza neno fulani maana yake nini, bibi anajibu, "Sina ruhusa ya kueleza. Nirudie?" Siku hizi wanamvizia babu.

Sasa nieleze deni langu mwenyewe kwake, maana ndilo lililonifanya nipiganie kuandika wasifu huu.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea takwimu. Mtihani mmoja nilikuwa nimeufeli mara mbili, na kanuni ilisema ukifeli mara ya tatu unaondolewa chuoni. Mama yangu ni fundi cherehani. Alikuwa ameshawaambia wateja wake wote kwamba mwanawe anasoma chuo kikuu, na kila suruali iliyopunguzwa pale ilitoka na habari hizo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungasha vitu vyangu taratibu, kitabu kimoja kimoja, ili siku ya siku nisionekane na mzigo.

Bi Ukuta alikuwa anapanga vijitabu vya majibu baada ya mara ile ya pili. Kwenye changu akaona nimejibu maswali manne kati ya ishirini, yote manne sawasawa, kisha karatasi nyeupe mpaka mwisho. Akanitafuta mpaka bwenini. Salamu ilipokwisha akaniuliza, "Mwanangu, swali la tano lilikukosea nini?"

Nikamwambia, "Sijawahi kulifikia, Mama."

Hakunipa pole. Aliniambia nivae viatu. Tukaenda ofisini, akanijazia fomu, akaniandikia barua ya kwenda kupimwa na mtaalamu. Mtaalamu alikaa nami asubuhi nzima, akanipa maneno ya kusoma, namba za kukumbuka, vijiti vya kupanga. Mwishoni aliniambia kwamba sina uvivu na sina ujinga, nina ugumu wa kusoma, na nimekuwa nao tangu utotoni. Nililia pale pale kitini. Miaka yote hiyo nilijua nina tatizo, nilikuwa sijui kwamba lina jina.

Kwa hiyo mara ya tatu, mtihani wa kunibakiza au kunifukuza, niliufanyia Chumba Namba Tisa. Yeye alisoma, mimi nikakokotoa. Siku hiyo alikuwa na mafua, na msomaji mwingine hakuwapo, kwani siku zile alikuwa peke yake. Kwenye swali la kumi na saba, lenye majibu manne ya kuchagua, alisoma jibu la kwanza, la pili, la tatu, akakohoa. Kisha akasoma la nne, tukaendelea. Nilimaliza mtihani mzima kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilitoka naelea.

Yeye hakutoka. Alibaki mezani, akachukua fomu ya taarifa ya tukio, ile inayotumika kuwashtaki wanaoingia na karatasi za wizi, akajishtaki mwenyewe. Aliandika: "Nilikohoa baada ya jibu la tatu. Mtahiniwa anaweza kuwa amedhani ni ishara." Akaifunga kwenye bahasha pamoja na kijitabu changu, akaipeleka kamati ya mitihani.

Niliposikia nilikasirika, sitaficha. Nilimfuata nikamwambia kikohozi ni kikohozi, tulikuwa wawili tu, nani angejua? Akanijibu bila kupandisha sauti, "Ningejua mimi. Na siku wakipata neno la kusema kwamba humu tunagawa majibu, wewe na wenzako wote mtarudi ukumbini." Nilikesha siku tano nikiwaza namna ya kumwambia mama. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba naye hakulala, kwani alijua akifuata kanuni huenda amenifukuzisha kwa mkono wake.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa wa kemia aliyekiita chumba chetu, tena hadharani, chumba cha kubebwa. Tuliitwa wote wawili. Taarifa ikasomwa, bahasha ikafunguliwa, mhadhiri wa somo akalitafuta swali la kumi na saba. Kikohozi kilikuwa kwenye jibu la tatu. Mimi nilikuwa nimechagua jibu la kwanza. Jibu sahihi lilikuwa la nne.

Profesa akauliza kama ameelewa vizuri kwamba msomaji amejishtaki kwa kunipa jibu ambalo si sahihi, na ambalo mimi wala sikulichukua, nikaenda kukosea kwa njia yangu mwenyewe. Bi Ukuta akasema, kwa sauti ya boksi la misumari, kwamba ndivyo. Profesa alivua miwani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, wajumbe wote wakafuata, na mimi, ambaye maisha yangu yalikuwa mezani pale, nikacheka pia. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba kikohozi hakikuwa na manufaa yoyote kwa mtahiniwa. Nilipata alama sitini na moja.

Alasiri ile profesa aliomba kukiona chumba. Akakaa kwenye kiti kile, akautazama ukuta, akaomba naye asome ukurasa mmoja. Mstari wa pili alikuwa ameshaanza kueleza. Alijaribu mara tatu, na mara zote tatu akajikuta anafundisha. Aliinuka akasema kazi hii ni ngumu kuliko alivyodhani. Mwezi uliofuata alisaini hati iliyokifanya Chumba Namba Tisa kuwa idara ya kudumu, na neno kubebwa sikulisikia tena kinywani mwake.

Kutokana na kikohozi kile tukapata wasomaji zaidi, na kanuni ya kwamba mwenye mafua haingii. Bi Ukuta amewafundisha wasomaji kumi na mmoja, wakiwemo makarani wawili, dereva mmoja, na mtunza bustani ambaye ndiye mwenye sauti tambarare kuliko wote, na ndiye atakayeshika nafasi yake kuanzia Jumatatu. Muhula huu tumehudumia wanafunzi mia moja arobaini na watatu. Mimi niliajiriwa miaka tisa iliyopita, nipo meza ya mbele, ninapokea fomu. Akiingia mwanafunzi ameficha barua ya kufeli chini ya daftari, najua la kumwambia. Naanza na viatu.

Kasoro anazo, tusimpambe kupita kiasi. Hapendi mtu aguse penseli zake. Mafundi rangi walipokuja kuuziba ufa ulioko kwenye ukuta wake, aliwasimamia mlangoni akakataa katakata, akisema ameuzoea. Na kushukuriwa hawezi kabisa. Wahitimu huja na majoho yao kumshika mkono, naye hujibu jibu lilelile, kwamba yeye alisoma tu yaliyoandikwa.

Wasifu huu umenichukua wiki tatu. Mhariri wa jarida la chuo alinipa mpaka Jumatatu, nikaomba muda wangu wa ziada, akaniongezea siku tano kwa mujibu wa kanuni. Nilipomaliza, mtunza bustani alinisomea wote kwa sauti ili nisikie makosa. Aliusoma akiutazama ukuta, kwa hiyo mpaka sasa sijui kama ni mzuri.

Wiki iliyopita, tukipanga makabati, nilimuuliza atakikumbuka chumba hiki kwa lipi. Akasema kuna kitu kimoja alikikosa miaka yote. Alikuwa anamaliza kusoma swali, anasubiri, halafu nyuma yake anasikia kalamu inaanza kukimbia. Hapo anajua mtoto amelipata. "Ila nyuso zenu za dakika ile sijaziona," alisema. "Hata mmoja. Nimekuwa nikisikia tu."

Kwa hiyo wageni wetu, msishangae mtakapoingia ukumbini mkute pale mbele kiti kikuukuu cha mbao chenye mto uliochakaa. Ni kile cha Chumba Namba Tisa. Seremala mwenyewe, mumewe, amekikaza miguu. Tumekiweka kikiwa kimeutazama ukumbi, na kwenye safu tatu za mbele watakaa waliosomewa, kuanzia yule kijana wa kidole na midomo, ambaye sasa ni mhadhiri na ametoka mbali kuja. Mama yangu atakuwepo pia, kwa gauni aliloshona kwa ajili ya siku hii.

Bi Ukuta, asante kwa sauti yako, kwa wino wako mwekundu, na kwa kikohozi chako kisicho na manufaa. Uende nyumbani ukapumzike, upandishe nyusi kadiri unavyotaka, na wajukuu wakikuuliza maana ya neno, uwaeleze. Tunakuombea afya, furaha na miaka mingi isiyopigiwa kengele.

Neno la shukrani limepangiwa dakika kumi. Nitalisoma mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nitafuatisha kwa kidole, na pengine mistari mingine nitairudia. Naomba niongezewe robo ya muda. Wewe kaa tu kwenye kiti chako, Mama, ututazame.